UZI: Aliyepona saratani ya damu akaingia majini kwa siku tatu kwa ajili ya waliobaki wodini

Mwana wa Ruvu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeubeba kifuani tangu Juni 2019. Utakuwa mrefu, nitauweka kwa vipande, mnivumilie. Mwenye mgonjwa wa saratani nyumbani, au aliyezika, namwomba akae hadi mwisho. Ndani yake kuna jambo ambalo mimi lilinitua mzigo.

Nianze na mdogo wangu. Alishikwa na saratani ya damu akiwa na miaka 21. Ilianza kama uchovu tu na homa zinazokwenda na kurudi. Tukadhani malaria, akanywa dawa mara tatu. Kisha fizi zikaanza kutoka damu akipiga mswaki, na miguuni madoadoa mekundu kama ameumwa na siafu. Mpaka jina la ugonjwa linatajwa, mwili ulikuwa umeshaisha. Alikaa wodini miezi mitano. Kila alichopewa alimeza, kila sindano alinyoosha mkono. Sikuwahi kumsikia akigoma.

Siku ya msiba, tukiwa tunasubiri mwili, mzee mmoja wa ukoo akasema, tena kwa upole kabisa: "Kijana alikata tamaa mapema. Angejikaza angepona." Watu wakaitikia kwa vichwa. Mama alikuwa kwenye mkeka na wanawake wenzake, akasikia. Miaka yote iliyofuata, nikipiga simu nyumbani, kuna siku ananiuliza: "Hivi wewe ulikuwa unalala naye hospitali, ni kweli mwanangu alikata tamaa?"

Sasa mimi nilikuja Uholanzi kutafuta maisha, nikapata kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba moja mjini Zwolle. Jumamosi ya tarehe 18 Agosti 2018 nilikuwa zamu. Babu niliyekuwa namhudumia ni mwenyeji wa Friesland, jimbo la kaskazini, na siku hiyo alikataa runinga izimwe. Kwenye kioo kulikuwa na mfereji, boti mbili tatu, na katikati kichwa cha mtu. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Nikamuuliza babu, huyu anakwenda wapi? Akaniambia anazunguka miji kumi na mmoja, kilomita karibu 200, kwa ajili ya wagonjwa wa saratani. Na yeye mwenyewe aliwahi kuwa mgonjwa.

Nikaketi pembeni ya kitanda cha babu, soksi yake bado iko mkononi mwangu.

Naendelea.

---

Mama Wawili

Pole sana kwa mdogo wako. Endelea, tupo.

Kibatari

Nimekaa. Usituache njiani.

---

Mwana wa Ruvu

Huyo mtu anaitwa Maarten van der Weijden. Alizaliwa mwaka 1981 mjini Alkmaar. Alikuwa kijana mwogeleaji wa masafa marefu, mwenye kipaji, taifa linamtazama. Mwaka 2001, akiwa na umri wa karibu miaka 20, akaambiwa ana saratani kali ya damu, ile ya chembe nyeupe. Wakampa dawa za saratani, kisha wakampandikiza chembe mama za damu. Wengi mnajua maana yake: uboho wako unauawa kwanza kwa dawa, halafu unasubiri mpya uote. Katika kungoja huko hata mafua ya mgeni aliyekuja kukuona yanaweza kukuua.

Akapona. Mwaka 2003 akarudi kwenye mashindano. Mwaka 2004 akavuka ziwa IJsselmeer kwa kuogelea, saa 4 na dakika 20 na ushee, akakusanya euro 50,000 za kupambana na saratani. Mnaona, tabia hii ya kuogelea kwa ajili ya wengine haikuanza baada ya umaarufu.

Kisha Beijing, 21 Agosti 2008. Ndiyo ilikuwa Olimpiki ya kwanza kuwa na kilomita 10 za maji ya wazi. Waliokuwa wakitajwa ni wengine. Yeye alikaa ndani ya kundi, hakujitangulizia, hakuhangaika. Kwenye mita za mwisho akawapita David Davies wa Uingereza na Thomas Lurz wa Ujerumani, akagusa wa kwanza kwa saa 1, dakika 51 na sekunde 51. Tofauti yake na wa pili ni kama sekunde moja na nusu.

Walipomuuliza amewezaje, alieleza jambo ambalo mimi sijalisahau. Alisema ule ugonjwa ulimfundisha kwenda hatua kwa hatua. Ukiwa kitandani hospitali, umechoka na mwili unauma, huwazi wiki ijayo wala mwezi ujao, unawaza saa inayofuata tu. Na ndivyo alivyokaa ndani ya lile kundi, akingoja zamu yake.

Lakini mkisikia "medali ya dhahabu" msikimbilie kule ambako kila mtu hukimbilia. Waandishi walitaka aseme kwamba alipigana na saratani akaishinda kwa moyo wa kishujaa, kisha akashinda na Olimpiki kwa moyo huohuo. Alikataa. Alimpinga hadharani hata Lance Armstrong, mwendesha baiskeli wa Marekani ambaye wakati huo alikuwa anasikilizwa na wagonjwa dunia nzima. Hoja yake ilikuwa kwamba kusema fikra chanya na mapambano ndiyo vinaponya ni hatari, kwa sababu maana yake aliyekufa hakufikiri vizuri, au hakupambana vya kutosha. Yeye alilala kitandani akajikabidhi kwa madaktari. Kupona kwake anakuita bahati.

Wakuu, nilipokutana na maneno haya nilikuwa kwenye treni natoka kazini. Niliyasoma mara mbili, nikashuka kituo kisicho changu. Bingwa wa Olimpiki, mtu ambaye angeweza kujisifu na dunia ikampigia makofi, anasema wazi: kijana wa kitanda cha jirani hakuwa mzembe kuliko mimi.



---

Mwalimu Mstaafu

Kijana wangu, umeandika vizuri na nakupa pole. Ila neno "bahati" linanikwaza kidogo. Sisi tuliolelewa katika imani tunajua uhai uko mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Mtu akipona tunasema Mungu amemjalia. Kuita bahati ni kama kumwondoa Mungu kwenye shughuli yake.

Mwana wa Ruvu

Shikamoo Mwalimu. Sikubishii. Nami nimelelewa hivyo hivyo, na mama yangu mpaka leo hutamka jina la marehemu akianzia na dua. Ukisema ni Mungu aliyejalia, ukasema na mwingine Mungu alimwita, mimi niko nawe. Ninachokataa ni lile neno la tatu tunalochomeka katikati, kwamba aliyekwenda alikwenda kwa uzembe wake. Hilo halitoki kwa Mungu wala kwa daktari. Tunalisema sisi hai ili tujione tuko salama.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Hapo nimekuelewa, na nimelipokea.

---

Nyota ya Kusini

Mimi ni mgonjwa. Saratani ya titi, niligunduliwa mwaka jana, nimeshamaliza dozi tatu za dripu. Sijawahi kuandika humu, huwa nasoma tu.

Nataka kusema kitu kuhusu hilo neno "pambana". Kila anayekuja kuniona anasema "pambana dada, wewe ni jasiri". Wanasema kwa upendo, najua. Lakini kuna siku nageukia ukutani, sitaki hata kuoga, na siku hiyo najiona nimewaangusha wote. Najiuliza, hivi leo nisipopambana ndiyo uvimbe unakua? Ni mzigo juu ya mzigo. Leo ndiyo mara ya kwanza nasoma kwamba kulala na kuwaachia madaktari kazi yao ni sawa.

Mama Wawili

Mdogo wangu, lala. Siku ya kulala, lala. Tuko nawe.

Mwana wa Ruvu

Dada Nyota, asante kwa kujitokeza. Ukichoka kuandika, soma tu. Kilichobaki nakiandika nikikuwaza wewe.

---

Mwana wa Ruvu

Sasa njia yenyewe, maana bila kuijua njia hamtaelewa kwa nini nchi nzima ilisimama.

Friesland wana safari yao ya kale inaitwa Elfstedentocht, yaani safari ya miji kumi na mmoja. Ni ya baridi kali, watu wanateleza juu ya barafu kwa viatu vya vyuma kupitia mito, mifereji na maziwa, karibu kilomita 200, kuanzia Leeuwarden na kurudi Leeuwarden. Sneek, IJlst, Sloten, Stavoren, Hindeloopen, Workum, Bolsward, Harlingen, Franeker, Dokkum, kisha nyumbani. Mashindano rasmi yalianza mwaka 1909 na mpaka leo yamefanyika mara 15 tu, kwa sababu barafu lazima iwe na unene wa sentimita 15 njia nzima. Mwaka 1963 walianza watu kama 10,000, upepo na theluji vikawatawanya, na katika msafara wa wasio washindani waliofika mwisho ni 69. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 4 Januari 1997. Tangu hapo barafu haijatosha. Babu wangu wa Zwolle alikuwa na viatu vyake vya vyuma vimening'inia ukutani, kamba zake zimekauka.

Ni kama Maarten alisema: kama maji hayagandi, mimi nitapita ndani yake.

Tupime kwa njia tunazozijua. Kutoka Dar hadi Morogoro ni kama kilomita 190 na kidogo. Uiwaze umbali huo ukiwa kifudifudi majini, usiku na mchana, uso unaingia na kutoka, maji ya mfereji si ya bwawa, yana matope, majani na mafuta ya boti. Anavaa vazi zito la mpira, na shingo inachubuka pale vazi linaposugua kila anapogeuza kichwa kuvuta pumzi.

Mara ya kwanza, Agosti 2018, hakufika. Aliogelea saa 55, kilomita 163. Usiku mbili zilikuwa zimepita. Mwili ukakataa, akawa mgonjwa, na Jumatatu tarehe 20 karibu na kijiji cha Burdaard, akiwa ameshauacha nyuma Franeker, mji wa kumi, na anaelekea Dokkum, madaktari wakamtoa. Nakumbuka babu alinyamaza. Halafu akasema neno moja la Kifriesi ambalo sikulielewa, akaniomba maji.

---

Kibatari

Naomba kuuliza kwa nia njema. Hivi kwa nini mtu ajitese hivyo? Kama ni pesa, si angeomba tu? Mtu maarufu, bingwa wa Olimpiki, angesimama kwenye runinga akataja namba ya kuchangia, watu wangetoa. Sioni uhusiano wa kuogelea hadi kuugua na dawa za mgonjwa.

Mwana wa Ruvu

Mkuu Kibatari, nami nilijiuliza hivyohivyo. Nitakujibu kwa nilivyoona.

Mgonjwa akilala miezi sita tunamzoea. Wiki ya kwanza jamaa wanajaa, uji unaletwa mpaka unamwagwa. Mwezi wa tatu anabaki dada na mama. Si ubaya wa watu, ni kwamba macho hayawezi kukaa kwenye maumivu yasiyosogea. Sasa huyu bwana aliyachukua maumivu akayasogeza. Akayatoa wodini akayapitisha chini ya madaraja ya watu, mbele ya nyumba zao, saa tisa usiku wakiwa wamevaa nguo za kulalia. Mtu anasimama dirishani anaona mkono unapita. Hawezi kurudi kulala bila kufanya kitu.

Na ushahidi ni kwamba mwaka ule wa 2018, mwaka aliotolewa majini kabla ya kufika, michango ilifikia karibu euro milioni 5. Watu hawakumlipa kwa kushinda.

Kibatari

Nimekuelewa mkuu. Hapo kwenye mwezi wa tatu umenigusa. Baba yangu mdogo alikuwa na saratani ya koo, nami ni mmoja wa waliopotea mwezi wa tatu.

---

Mzee wa Winnipeg

Habari zenu. Mimi niko Kanada mwaka wa ishirini sasa. Hadithi hii ina ndugu yake huku, na wanafunzi wote wanaijua, wanangu waliletewa shuleni wakiwa wadogo.

Terry Fox alizaliwa hapahapa Winnipeg mwaka 1958. Akiwa na miaka 18 akapata saratani ya mfupa, mguu wa kulia ukakatwa juu ya goti. Akiwa wodini aliona watoto wadogo wanaumwa kuliko yeye, na hilo halikumtoka. Tarehe 12 Aprili 1980 akachovya mguu wake wa bandia kwenye bahari ya Atlantiki huko St. John's, akaanza kukimbia kuvuka nchi. Alikuwa anaomba dola moja kwa kila Mkanada. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373, karibu na mbio ndefu za marathoni kila siku, kwa mguu mmoja na chuma. Tarehe 1 Septemba karibu na Thunder Bay kifua kikamkataza. Saratani ilikuwa imehamia kwenye mapafu. Akafariki Juni 1981, hajatimiza miaka 23.

Kabla hajafa, michango ilikuwa imepita dola milioni 24, ambayo ndiyo ile dola moja kwa kila mtu aliyoiomba. Yeye naye hakufika bahari ya pili.

Mwana wa Ruvu

Mzee, shukrani. Hii ya watoto wa wodini ndiyo hiyohiyo. Anayetoka wodini hatoki peke yake.

---

Muuguzi wa Zamu

Nimefanya kazi wodi ya watoto wenye saratani miaka kadhaa hapa Afrika Mashariki. Naomba niingie kwenye hilo suala la bahati, kwa sababu kuna upande haujasemwa.

Bahati ina bei. Miaka ya 1960 mwanzoni, mtoto mwenye saratani hii ya damu aliyougua Maarten, hata Marekani na Ulaya, alikuwa karibu na hukumu ya kifo. Waliopona hawakufika kumi katika mia. Leo katika nchi hizo ni kama tisini katika mia. Watoto wa leo hawana moyo mkubwa kuliko wale wa 1960, na dua za mama zao si kali zaidi. Kilichobadilika ni majaribio ya dawa, moja baada ya jingine, yaliyolipiwa na michango na kodi za watu. Ndiyo maana huyu bwana kusema "nilibahatika" kisha kwenda kuchangisha pesa ni kitu kimoja, havipingani. Anajua bahati yake ililipiwa na waliomtangulia.

Na kwetu? Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri watoto wenye saratani wanaopona ni zaidi ya 80 katika mia, kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati ni chini ya 30. Huo mwanya hauelezwi na kukata tamaa. Unaelezwa na kuchelewa kugundulika, kama alivyosema mwanzisha uzi, malaria mara tatu, dawa kuisha katikati ya matibabu, na nauli. Nauli, wakuu. Nimeona mama akiondoka na mtoto aliyeanza kupona kwa sababu alikuwa na watoto wengine watatu kijijini na pesa ya basi la kurudi mwezi ujao hana.

Halafu msidhani sisi ni wa kupokea tu. Daktari Denis Burkitt alikuwa hospitali ya Mulago, Kampala, alipowaona watoto wenye uvimbe wa taya, mwaka 1957. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili wakaingia kwenye gari, wakaendesha kama kilomita 16,000 kwenda kusini na kurudi, hospitali hadi hospitali, wanauliza: mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Mfuko wao ulikuwa mdogo mno. Kutokana na safari ile na watoto wale, dunia ikajifunza kwamba kuna saratani inayoweza kuyeyuka kwa dawa peke yake, na mwaka 1964 kikapatikana kirusi ndani ya chembe za uvimbe uleule, kirusi cha kwanza kujulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Watoto wa Uganda wamo kwenye dawa za dunia nzima. Inatupasa tujue hilo.

Mwalimu Mstaafu

Muuguzi, ubarikiwe kwa elimu hii. Na ubarikiwe kwa kazi hiyo.

Mwana wa Ruvu

Muuguzi, umeniliza. "Bahati yake ililipiwa na waliomtangulia." Nitamsomea mama sentensi hii.

---

Mwana wa Ruvu

Kipande cha mwisho. Hiki nilikiona kwa macho yangu.

Juni 2019 akarudi majini. Ijumaa tarehe 21 alianza Leeuwarden kwenye mfereji uleule. Safari hii kulikuwa na watu waliokusanya michango yao wenyewe, wakaruhusiwa kuingia majini kuogelea naye kipande cha njia. Babu alikuwa ameshafariki mwezi Machi. Nikaomba ruhusa Jumatatu, nikapanda treni peke yangu mpaka Leeuwarden.

Ilikuwa joto, joto la kweli, hata mimi mtoto wa Pwani nilitafuta kivuli. Kingo zote mbili zimejaa. Bendera za Friesland kila mahali, buluu na nyeupe, zina alama nyekundu ambazo nilidhani ni mioyo, mama mmoja pembeni yangu akanieleza kuwa ni majani ya yungiyungi wa majini. Alikuwa ameshika picha ndogo ya mwanamume, ameifunika kwa plastiki isilowe. Hakuniambia ni nani, nami sikumuuliza. Nilitoa simu nikamwonyesha picha ya mdogo wangu, ile ya kitambulisho cha chuo. Akaitazama muda, akaisogeza simu yangu karibu na picha yake, zikawa zinatazama maji pamoja.

Jioni makelele yakaanza kwa mbali, upande wa darajani, yakawa yanasogea kama mvua inavyokuja juu ya mabati. Kisha boti. Kisha yeye.

Nilitegemea kuona mtu mwenye nguvu. Nilichoona ni mkono unatoka majini taratibu, unakaa hewani kidogo kana kwamba umesahau kinachofuata, halafu unaanguka. Hauingii, unaanguka. Kisha wa pili. Mdomo unafunguka upande, unavuta hewa, unafunga. Aliponifikia makofi ya upande wetu yakapungua yenyewe, watu wakawa wanasema jina lake kwa sauti ya chini, kama unavyomwita mgonjwa kuona kama anasikia. Niliwahi kumwita mdogo wangu hivyo, alfajiri moja.

Safari nzima ilimchukua saa 74 mpaka anagusa mwisho. Jumla ya michango ya mwaka ule ilivuka euro milioni 6. Ukichanganya na mwaka uliotangulia ni zaidi ya milioni 11, kwa utafiti na kwa kuwasaidia wagonjwa waishi vizuri zaidi wakati wa matibabu na baada yake. Mwaka 2023 aliirudia njia hiyo tena, safari hiyo akaogelea, akaendesha baiskeli na kukimbia.

Yule mama wa picha alinishika mkono mpaka watu wakaanza kutawanyika. Hatukuwa na lugha ya kutosha kati yetu. Kiholanzi changu wakati ule kilikuwa cha kazini tu: kula, kunywa, geuka, unaumwa wapi.

Usiku, nikiwa kwenye treni, nikampigia mama. Nilimweleza kila kitu, mpaka bendera. Nikamwambia, mama, huyu mtu amepona ugonjwa uleule wa mwanao, amekuwa bingwa wa dunia, na bado anasema hakupona kwa kujikaza. Alikaa kimya nikadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Kwa hiyo mwanangu hakukosea." Nikasema hakukosea, mama. Akasema, "Haya. Nenda kalale, kesho una kazi."

Hajaniuliza tena lile swali.

---

Mama Wawili

Nimelia hapa dukani, wateja wananiangalia. Mungu amrehemu mdogo wako na amtunze mama.

Kibatari

Nimempigia mjane wa baba mdogo. Ana mtoto wao anasoma kidato cha pili. Nitakwenda Jumapili.

Mzee wa Winnipeg

Uzi huu nitawatafsiria wanangu. Na Septemba tukikimbia ile mbio ya kila mwaka ya kumkumbuka Terry, nitaandika jina la mdogo wako kwenye karatasi ya kifuani, ukiniruhusu. Jina la kwanza tu.

Mwana wa Ruvu

Nimekuruhusu, mzee wangu. Nakuandikia faragha.

Nyota ya Kusini

Dozi ya nne ni kesho asubuhi. Usiku huu nimekuwa naogopa dozi zote nne zilizobaki kwa mpigo. Nimerudi kusoma pale kwenye "saa inayofuata tu". Kwa hiyo nawaza saa ya kwanza: kutafutwa mshipa. Basi.

Muuguzi wa Zamu

Dada Nyota, kunywa maji mengi usiku huu na asubuhi, mshipa utaonekana vizuri. Vaa nguo ya mikono mipana, na beba shuka jepesi, chumba cha dripu huwa na baridi. Ukihisi sindano inachoma au mkono unavimba, sema palepale, usivumilie.

Mwana wa Ruvu

Mimi niko zamu ya usiku, nitakuwa macho. Ukianza dripu andika hata nukta moja humu.

Nyota ya Kusini

.

Mwana wa Ruvu

Nimekuona. Saa ya kwanza.

Mama Wawili

Nimekuona mdogo wangu.

Kibatari

Nimekuona dada.

Mwalimu Mstaafu

Nimekuona binti yangu. Niko kwenye dua.

Nyota ya Kusini

Nimetoka, niko nyumbani. Mshipa ulipatikana mara ya pili. Dada yangu amenipikia uji wa ulezi, nimekunywa nusu kikombe na umekaa. Sasa nageukia ukutani nilale.